Hilo Boksi Lako la Taa Litamuua Bibi Harusi wa Watu

Haya, leo sina utani, na nikimaliza kuna watu hawatanisalimia tena hapo Ndia Kuu. Sawa tu.

Wiki jana mumenitumia klipu moja, wallahi nimeipata zaidi ya mara kumi. Kijana amekaa nyuma ya jukwaa, mbele yake ana ubao, kwenye ubao amepiga misumari, kwenye misumari amefunga nyaya ziko uchi, na mkononi ana kipande cha waya. Ngoma ikipiga, agusisha msumari huu, taa nyekundu yawaka. Ikipiga tena, msumari mwengine, taa ya bluu. Cheche zaruka. Nanyi chini mwaandika "kipaji", "serikali imsaidie huyu", "Mombasa tuna watu". Mmoja akaandika ati "huyu hahitaji yunivasiti", kisha akanitaja mimi, manake mwajua niliwacha yunivasiti.

Ndo mimi. Uhandisi wa umeme, mwaka wa pili, karo ikakatika. Nami nawaambia hivi: kile kipande cha waya alichokishika yule kijana ndicho chenye stima. Kati ya kidole chake na 240 kuna ganda la plastiki jembamba kama la karanga. Akitokwa na jasho, akitelezesha kidole sentimita moja mbele, wimbo umekwisha na yeye amekwisha. Huo si ubunifu jamani. Huo ni mchezo wa kamari, na nyinyi ndo mwamtilia dau.

Na kabla hamjaniambia najifanya msomi, ntawapa kisa changu. Sijawahi kukisimulia hapa. Mamangu mwenyewe atakisikia leo chote kwa mara ya kwanza.

Nilipotoka yunivasiti nilikaa nyumbani miezi minne nikimsaidia kukaanga viazi karai. Kisha khaloo wangu akanijia na wazo. Mwajua kupamba zetu: uwanja unazungushwa turubali, wanawake watupu, mwanamume hakanyagi, simu zawachwa mlangoni. Sasa taa za jukwaani nani atazisimamia? Fundi mwanamume afunga jioni, akimaliza atolewa. Taa ikizima saa nne usiku hakuna wa kuigusa, manake yeye yuko nje na walio ndani hawajui swichi iko wapi. Khaloo akasema, "Wewe wajua stima na ni mwanamke. Kaa ndani hapo hapo, wakulipe." Nikaona riziki imeshuka.

Vifaa sina. Nikatafuta taa sita za halojeni za wati 500, za mtumba, zile ndefu za kumulikia viwanja. Mbele yake nikafunga karatasi za plastiki za rangi, ambazo baada ya nusu saa zilikuwa zaanza kunuka, na hata hilo sikulitia maanani. Nilitaka taa zifife na zipande pole pole bibi harusi akiingia, kama harusi za Dubai mnazoziona kwenye simu. Kifaa cha kazi hiyo chaitwa dima. Dima ya sawa bei yake ilikuwa mbali nami. Basi nikanunua regyuleta sita za feni, zile za kuzungusha ukutani. Feni ya dari yala kama wati 75. Mimi nikaitwika regyuleta yake taa ya 500. Nikazipanga kwenye mkebe wa biskuti, ule mkubwa wa Idd, nikautoboa matundu kwa msumari, nikapitisha nyaya.

Hesabu nilipiga, msinione mjinga. Taa sita mara 500 ni wati 3,000, ukigawa kwa 240 ni ampea 12 na nusu. Plagi ni ya 13. Nikajiona hodari. Hesabu ya waya sikuipiga. Waya wangu ulikuwa ule mwembamba, wa milimita za mraba 0.75, ambao kazi yake ni ampea 6. Ulikuwa wabeba mara mbili ya mzigo wake, umezungushwa kama kamba chini ya zulia. Na ulikuwa wa nyuzi mbili, si tatu. Ule wa tatu, wa kijani na manjano, ulipandisha bei kwa kila mita, na mita zilikuwa nyingi.

Nilipiga picha mkebe wangu nikauweka hapa. Mkanisifu. Ile picha ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nilichoweka mwaka ule.

Siku yenyewe ilikuwa Shaaban, mwajua harusi zinavyokimbizana kabla ya Ramadhani. Nyuma ya kiti cha bibi harusi kulikuwa na fremu ya chuma, ya kutundikia maua na mapazia. Mkebe nikauegemeza kwenye fremu ili usionekane. Tundu la msumari kwenye bati lina meno, na kila nikivuta waya lile jino lakata. Likakata ganda. Waya wenye stima ukagusa bati, bati limegusa fremu, fremu nzima ikawa na 240. Na hakuna aliyejua! Wapambaji wamevaa viatu, wanaigusa na kuiwacha, labda mmoja ahisi mkono wamcheza kidogo, adhani ni uchovu.

Mpambaji mkuu akavua viatu apande jukwaani. Chini palikuwa na maji, barafu ya sharbati imeyeyuka. Akaishika fremu arekebishe ua moja.

Mkono ukakaza. Watu hawalijui hili: stima ya nyumbani mara nyingi haikurushi mbali kama kwenye sinema. Ikipita mkononi, misuli yajikaza, vidole vyafunga, na kile kinachokuua ndicho unachokishika kwa nguvu zako zote. Alitoa sauti kama ya mtu anayekoroma. Mwili watetemeka, macho yamesimama. Mama mmoja akasema, "Amepandwa!" na wawili wakainuka kwenda kumshika. Kumshika! Nikapiga ukelele sijawahi kuupiga: "Msimguse!"

Na plagi iko wapi? Plagi iko nje. Stima tulivuta kwa jirani, kupitia dirishani, upande wa wanaume. Mimi ndani nimevaa dera, kichwa wazi, buibui sijui nimelitundika wapi. Nikatoka hivyo hivyo mbio, nikapita kichochoro, wazee wako barazani na kahawa zao, nikavuta ule waya kwa mikono miwili mpaka plagi ikang'oka na kipande cha mbao ya dirisha.

Alipona. Kiganja kiliungua, alama iko. Vidole viwili vya mkono wa kuume mpaka leo havihisi sawa sawa, na huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kupanga maua. Dakika kumi zaidi na angekuwa bibi harusi, amekaa ameegemea ile fremu, dhahabu shingoni, miguu wazi yaonyeshwa hina.

Kisha? Kupamba ikaendelea kwa balbu za kawaida. Wenye harusi wakasema ni qadar, alhamdulillah limepita. Nikalipwa kamili. Na wiki iliyofuata watu watatu wakanipigia simu, wataka taa kama zile.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikosea wapi. Si mwenye harusi, si mwenye uwanja, si hao watatu. Mpambaji mwenyewe nilipokwenda kumtaka radhi alinikaribisha chai na akaniambia nisijali. Nimekaa na hilo miaka miwili, na ndo maana sitaki kusikia "kipaji" ya mtu.

Sasa niwaeleze jambo moja, na mkisahau mengine yote lishikeni hili. Ule waya wa tatu si wa mapambo. Waya wenye stima ukigusa bati la boksi, kama bati limefungwa waya wa ardhi, stima yote yakimbilia ardhini kwa kishindo, fyuzi yakatika, boksi lazima, nawe walaani fundi ukiwa hai. Kama halijafungwa, hakuna kinachokatika. Boksi lakaa kimya, taa zawaka vizuri, muziki waendelea, na bati lasubiri mkono. Ndo maana jibu la "mbona lafanya kazi tu" halinishtui. Langu pia lilikuwa lafanya kazi. Lilifanya kazi vizuri sana mpaka mtu akalishika.

Mwaniambia pia, "lakini kuna fyuzi kwenye plagi." Kuna fyuzi, ndiyo. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, yani miliampea 13,000. Moyo wa binadamu waweza kuvurugwa na kitu kama miliampea 30 na kuendelea, ikipita kifuani. Gawanyeni wenyewe. Fyuzi yalinda waya usiungue. Wewe haikujui. Kinachokulinda wewe ni swichi inayoitwa RCD, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, ambayo ikiona miliampea 30 zimepotea njia, zimepitia kwa mtu badala ya kurudi kwenye waya, yakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wauzaji wa vifaa vya stima wanazo. Zipo za kuchomeka kwenye soketi kisha wachomeka ekstensheni yako hapo. Bei yake haifiki ya ile keki ya ghorofa mnayoikata kipande kimoja na kupigia picha.

Na kitu chengine, cha mafundi wenzangu: kuzungusha dima mpaka sifuri si kukata stima. Taa imezima lakini kwenye holda stima yaweza kuwepo. Hali kadhalika wale wanaofunga swichi kwenye waya wa kurudi badala ya wenye stima, manake hawakupima, waliona tu taa yawaka na kuzima wakaondoka. Mtu aja kubadilisha balbu, swichi imezimwa, aingiza vidole. Vua plagi! Vua kabisa, iweke mfukoni mwako.

Haya, wale wa "siku hizi ni LED, hakuna hatari". LED imepunguza mzigo, hilo kweli, na moto wa nyaya umepungua. Mimi mwenyewe sitarudi kwenye halojeni. Lakini ile plagi yako ya LED bado yaingia kwenye soketi ya 240, na zile taa za bei rahisi nyingi zina ganda la chuma. Nimezifungua kadhaa. Waya wa ardhi upo kwenye plagi, ndani haukufungwa popote, wauona umekatwa umelala tu. Na zile nyuzi za taa ndogo ndogo mnazozungusha kwenye fremu ya chuma, zimeungwa na tepu nyeusi sehemu tatu, hizo ndo naziogopa kuliko zote, manake zafungwa pale pale anapoegemea mtu.

Tena sisi tuko kisiwani. Chumvi ya bahari iko hewani usiku na mchana. Ukiacha plagi mwaka mmoja, shaba yake yafanya kutu ya kijani, mguso wawa mbaya, pakiwa pabaya papata moto. Boksi la kufungwa Nairobi na boksi la kufungwa hapa si kitu kimoja. Hili mabaharia na mafundi wa maboti wanalijua. Mafundi wa harusi hawajali, manake harusi ni usiku mmoja.

Sasa turudi kwa wanawake, kwa sababu hapa ndo nakasirika haswa.

Taa za jukwaani zikifungwa kwenye mkutano wa siasa pale Makadara, fundi yuko, bosi wake yuko, wanaume mia wako wanaojua jenereta iko wapi. Kupamba yafungwa na wanaume, halafu waondoka, watuachia. Ndani tuko wanawake na watoto, watoto wengi, wanakimbia chini ya jukwaa ndo uwanja wao wa kuchezea. Mlango mmoja, tena umefunikwa pazia ili wa nje asione. Swichi iko kwa jirani. Simu ziko kwenye kikapu mlangoni. Yani ukikaa ukapanga kwa makusudi mahali pa mtu kufa na stima bila msaada, huwezi kupanga vizuri kuliko hivyo. Na mimi sisemi tuache stara. Stara yetu iko pale pale. Nasema stara haikukataza swichi kuwekwa ndani. Haikukataza mwanamke mmoja kuonyeshwa: hii hapa, ukiona mtu ameshikwa, vuta hii kwanza, usimguse yeye. Dakika mbili za kuonyeshwa, hiyo tu.

Mwasema nakuza mambo. Haya, tutoke Mombasa kidogo.

Chicago, Marekani, tarehe 30 Desemba 1903. Ukumbi wa Iroquois, mpya, haujamaliza miezi miwili tangu kufunguliwa, na watu wameambiwa ni ukumbi usioshika moto. Onyesho la mchana, wakati wa likizo, wamejaa akina mama na watoto. Taa moja ya jukwaani ikatoa cheche, ikashika pazia. Milango mingine ilifungwa, mingine ilikuwa nyuma ya mapazia hata haionekani kama ni milango. Walikufa watu zaidi ya 600. Taa moja hiyo. Na mwaka 1972, mwezi wa Mei, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, Les Harvey, alikuwa jukwaani mbele ya watu akashika maikrofoni. Vifaa havikuwa na waya wa ardhi uliofungwa sawa. Akafa. Hao ni Wazungu na pesa zao na makampuni yao. Sisi tuna mkebe wa biskuti.

Na moto ukianza Mji wa Kale utazimwa na nani? Angalieni nyumba zetu: boriti za mikoko darini, roshani za mbao, ngazi za mbao, na ukuta wa jirani ndo ukuta wako. Vichochoro vya Kibokoni na Mlango wa Papa, viko ambavyo hata tuktuk haiingii, sembuse gari la zimamoto. Mapazia ya polista yakishika moto hayaungui tu, yayeyuka na kudondoka, na yadondokea watu. Twajisifu na nyumba za mawe za mababu, twapeleka wageni Fort Jesus kuwaonyesha ngome ya tangu miaka ya 1590, halafu jioni twavuta waya wa ampea 6 kupitia dirisha la mbao la miaka mia ili bibi harusi amulikwe zambarau.

Sijamaliza. Wanaochukua stima moja kwa moja kwenye nguzo ya barabarani, ile ya sambaza, hapo hakuna fyuzi ya maana, hakuna swichi, hakuna kitu. Na wanaounganisha jenereta na nyumba kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili: upande mmoja ukichomoka, wewe umeshika pini zenye 240 mkononi. Na stima ikirudi au jenereta ikirudisha stima njiani, mfanyakazi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akijua laini imekufa ndo anayelipia harusi yako. Kwa hao sina la kuongeza, wanajua wanachofanya.

Najua mtanijibu nini. Mshaanza kunijibu, nimeshaona.

"Wawaharibia vijana riziki." La. Mimi ni kijana, na riziki yangu ndo hii hii, bado nafunga taa. Wala sisemi usitengeneze mwenyewe. Vitu vya mikono na vya mtumba sina ubaya navyo. Ukitaka historia, stima ya kisiwa hiki yenyewe ilianza na mashine ya mtumba: jenereta aliyoileta Seyyid Barghash wa Zanzibar mwaka 1875 kuangazia jumba lake, ndo ikaja kununuliwa na Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa Mombasa, mwaka 1908, ikazaliwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Basi mtumba ni asili yetu. Tengeneza boksi lako. Lakini litie waya wa tatu na uufunge kwenye bati kwa skrubu, si kwa tepu. Tundu la waya lipe mpira usikate ganda. Waya uwe wa unene wa mzigo wake, usioviringishwa. RCD mbele ya kila kitu. Ukishafanya hayo mimi mwenyewe ntakuita mbunifu, tena ntakupigia picha.

"Vifaa vya usalama ni ghali, wateja hawataki kulipa." Hapa nyinyi wateja ndo nawataka. Mama wa bibi harusi, nakuheshimu, lakini umechagua rangi ya mapazia kwa wiki tatu. Umekwenda Biashara Street mara sita kwa sababu ya leso. Umeonja biriani ya wapishi wanne. Fundi wa taa ulimuuliza swali gani? "Bei gani?" basi. Muulize: waya wa ardhi uko wapi, nionyeshe. Fundi wa stima Kenya hupewa leseni na EPRA, kwa madaraja. Mwambie akuonyeshe yake. Akicheka, mtafute mwengine. Na wenye kumbi, mwatutoza pesa za dhamana ati tusivunje viti. Kiti kina dhamana, mtu hana!

"Tumefanya hivi miaka yote." Nyinyi mmekaa na yule mpambaji wangu miaka miwili, mwakutana naye kila harusi, na wengi wenu hamjui kwa nini ashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndo "miaka yote" inavyokuwa salama: hakuna anayehesabu.

"Ni qadar." Naamini qadar. Lakini sote tulisoma chuoni, na sote tulifunzwa ngamia afungwa kwanza, tawakkul baadaye. Mimi sikumfunga ngamia. Nilijua somo la waya wa ardhi, nalilisoma, mtihani nikapita, na nikauacha dukani kwa sababu ya bei. Tafadhali msinipe udhuru ambao mimi mwenyewe sijajipa.

Mwisho ni sisi wenye simu. Sisi ndo tunaopiga picha hizi taa, twatia muziki, na kijana wa Majengo au Bondeni aona, aamua na yeye kesho ajaribu. Yule wa misumari kajifunza wapi? Kajifunza kwetu. Mimi ile picha ya mkebe wangu sijaifuta. Nimeandika juu yake kwa nyekundu: HII ILIMSHIKA MTU. Nimemuomba ruhusa mwenyewe kwanza, akasema andika, na akaniambia niongeze kuwa sharbati pia haikuwa tamu.

Na wewe wa misumari, najua utaisoma hii, manake wanakutumia kama walivyonitumia mimi. Sikuchukii. Mkono wako una mapigo mazuri, hilo nimeliona. Jumamosi baada ya laasiri niko barazani kwetu, watu wa Mkanyageni watakuonyesha nyumba. Njoo na ule ubao. Nawe mwengine yeyote mwenye boksi, mkebe, ekstensheni yenye tepu, leta. Nina mita, nina bisibisi, nina waya wa kijani na manjano mita ishirini niliounua kwa pesa yangu. Sitacheka mtu, na sitapiga picha.